Baba Katika Picha ya Harusi

Katika nyumba nyingi za askari ipo picha ya ukutani yenye pengo. Binti aliolewa, jamaa wakajipanga mbele ya mpiga picha, lakini baba alikuwa zamu mpakani na likizo yake ilichelewa. Pengine baba huyo ameaga dunia, na mama angependa kumwona walau mara moja amesimama nyuma ya wanawe waliokwisha kuwa watu wazima. Haja hiyo fundi wa kompyuta aweza kuitimiza, ila yafaa wenye nyumba waielewe kazi yenyewe kabla ya kumkabidhi picha zao.

Kazi hii si ngeni. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alisumbuliwa na mabamba ya kioo ya wakati wake. Bahari ilipotokea vizuri, mbingu zilitoka nyeupe tupu, kwa kuwa mabamba hayo yaliipokea mno nuru ya buluu. Basi alipiga bamba moja la bahari na jingine la mawingu, akayachapisha juu ya karatasi moja, na mshono akauficha penye upeo wa macho. Alipochapisha sehemu moja, ile ya pili aliiziba isipate mwanga.

Kuziba huko ndiko kunakofanywa leo kwa kompyuta. Katika programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990 na kupata matabaka mwaka 1994, picha hulazwa moja juu ya nyingine. Ya harusi hukaa chini, ya baba juu. Fundi mwenye haraka hufuta yote yanayomzunguka baba, na kilichofutwa hupotea. Mwenye subira huliwekea tabaka la juu kifuniko kiitwacho maski. Penye weusi katika maski, picha ya juu hufichika. Penye weupe huonekana. Penye kijivu huonekana nusunusu. Sikio likifichwa kwa bahati mbaya, fundi hupaka weupe nalo hurudi. Kijivu hufaa zaidi kwenye nywele na ukingo wa nguo, maana hakuna binadamu mwenye ukingo kama wa bati lililokatwa kwa mkasi.

Walakini maski njema haitoshi. Jua la harusi likitoka kushoto na la baba kulia, mtazamaji huhisi kasoro hata asipoweza kuitaja. Baadhi ya mafundi huipindua picha ya baba, kushoto kuwa kulia, ili mwanga ulingane. Kwa mtu aliyevaa sare hilo ni balaa: nishani huhamia kifua cha pili, na jina lake husomeka kinyume. Afadhali itafutwe picha nyingine. Tena miguu ya baba haina budi kupata kivuli, la sivyo ataelea.

Upo mfano unaowahusu wanajeshi hasa. Yapata mwaka 1902, Levin Handy wa Marekani alitoa picha ya Jenerali Ulysses Grant akiwa juu ya farasi huko City Point, nyuma yake kambi iliyojaa watu. Grant alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1885. Baadaye ilibainika kuwa picha hiyo imeshonwa kwa picha tatu za mwaka 1864. Kichwa ni cha Grant kweli, kilichopigwa Cold Harbor. Kiwiliwili na farasi ni vya Meja Jenerali Alexander McCook. Na wale wanaodhaniwa kuwa askari wa Grant ni mateka wa upande wa adui, waliokamatwa Fisher's Hill! Hayo yalijulikana kwa sababu picha za awali zilikuwa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kumweka baba kando ya bintiye si sawa na kumvika cheo asichokipata, na fundi akishawishi hivyo akataliwe. Nyuma ya picha mpya paandikwe kwamba baba ameongezwa, na mwaka ambao picha yake ilipigwa. Picha zote mbili za awali zitunzwe, pamoja na faili la kompyuta ambalo matabaka yake hayajaunganishwa. Faili hilo familia ilidai kabla ya kulipa, kwani mafundi wengi hutoa karatasi tu.