Filamu ya Mugumu na swali ambalo vijana wa kiume wa Mara hawajajibu

Binti wa miaka 12 anatoroka nyumbani. Anaowakimbia ni baba na mama yake mwenyewe, na bado anawapenda.

Ndivyo inavyokwenda In the Name of Your Daughter, filamu ya mwaka 2018 ya Giselle Portenier kutoka Canada, iliyopigwa wilayani Serengeti. Haina waigizaji. Ni mabinti wenyewe, likizo ya Desemba, msimu wa ukeketaji, wanakimbilia nyumba salama ya Mugumu kwa Rhobi Samwelly. Mama huyu naye alikeketwa akiwa na miaka 13, nusura afe kwa kutokwa damu.

Wengi wanasifia ujasiri wa watoto. Sawa. Ila sehemu nzito iko baada ya msimu kupita. Wazazi wanaitwa, wanaombwa waweke saini kwamba hawatamkeketa binti yao. Wengine wanakubali, mtoto anarudi. Wengine wanagoma. Hapo mtoto anachagua kati ya mwili wake na mama yake, uamuzi ambao hata mtu mzima ungemshinda.

Kwa nini mzazi agome? Ng'ombe. Aliyekeketwa analetewa mahari nono. Asiyekeketwa anadharauliwa, hata na wenzake. Baba anayemwacha binti alivyo anajua anapoteza mali na heshima kwa mpigo.

Sheria ipo tangu 1998, kifungo miaka 5 hadi 15. Lakini inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Akivuka hapo akaolewa, presha ya ukweni inaanza upya, na safari hii hana kifungu cha kushika. Kenya, sheria yao ya 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote. Sisi tunangoja nini?

Takwimu zinashuka, ila polepole: kwa wanawake wa Mara ilikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, ikawa 28 mwaka 2022.

Sasa kuna mtu ambaye mjadala wetu unamruka kila mwaka: kijana wa kiume. Tunamsema ngariba, tunawasema wazee wa mila, tunamsema baba. Lakini bei ya ng'ombe inasimama kwa sababu kuna muoaji. Kijana wa Tarime akisema hadharani, mbele ya baba yake, kwamba ataoa binti asiyekeketwa kwa mahari ileile, hesabu yote ya mzee inavurugika. Si jambo dogo hilo, maana ng'ombe wanatoka zizi la baba.

Kwa hiyo filamu kama hii ioneshwe Nyamongo na Sirari kabla ya Desemba, na vijana wa bodaboda wakae viti vya mbele. Na Isebania pia, ng'ambo ya mpaka. Wakurya ni walewale, na Kenya ikikaza, watoto wanavushwa usiku kuja kukeketwa huku kwetu.