Kitoto cha mgomba kipimwe kwanza, ndipo kigawiwe

Wahami wa vita wakirudi Masisi wanakuta mashamba yamegeuka pori. Mapema sana wanaanza kutafuta vitoto vya migomba: kwa jirani, kwa ndugu, au katika mgao wa mashirika. Majani yakiwa ya kijani, basi, vinapakiwa kwenye lori. Hapo ndipo hatari ilipo. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi tangu mwaka wa 2001, unaweza kukaa ndani ya kitoto miezi mizima bila kuonyesha dalili.

Unaletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas. Mgomba ukiugua, majani yanalegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinakuwa kahawia, na shina likikatwa linatoa uji wa manjano kama usaha. Lakini hata ugonjwa wa Panama hukausha majani, na huo unaletwa na kuvu ya udongoni. Mkulima akikosea jina la ugonjwa, anaweza kung'oa shamba bure ama kuacha lililooza.

Kipimo kipo. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kituo cha afya ameona ndugu yake, kile cha malaria kinachodondoshewa tone la damu. Maabara humchoma sungura sindano yenye bakteria, na damu yake inatengeneza kinga zinazomshika bakteria huyo. Kinga hizo hutiwa kwenye kikaratasi. Kipande cha mgomba kinasagwa katika maji, maji yanadondoshwa, na bakteria akiwemo mstari unatokea baada ya dakika chache. Mwaka wa 2015 watafiti wa Uingereza walitangaza kikaratasi cha namna hiyo kwa ajili ya mnyauko huu.

Si mganga wa kujua yote. Kinga zinaweza kumshika pia bakteria mwingine wa ukoo ule ule, kama askari anayekamata mtu kwa jina la baba yake. Kwa hiyo maabara ya ADN ndiyo ithibitishe. Tena bakteria wakiwa wachache, mstari hautokei. Ndiyo maana kupima kitoto kimoja hakutoshi: lipimwe shamba mama, mashina mengi, kabla ya kuchimba.

Watasema ni ghali. Wahesabu basi lori, mafuta na posho za wagawaji, halafu wahesabu familia iliyokosa ndizi za kula na za kasiksi kwa sababu ililetewa ugonjwa mlangoni. Anayegawa vitoto aweke vipimo katika bajeti yake, na aonyeshe majibu kwa wanaopokea.

Wakati vipimo havijafika, asichukue mtu kitoto katika shamba lenye hata shina moja gonjwa. Shina hilo likatwe chini kabisa. Ua la dume livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa panga, maana wadudu hupeleka bakteria pale. Na panga lipitishwe motoni au lisafishwe kwa javeli kabla ya kugusa mgomba wa pili, hata ukiwa wa shamba lile lile.