Daktari Anayekosea: Kumbukumbu ya Tamthilia ya ER

Wapo wahakiki wanaoibeza tamthilia ya televisheni kuwa ni burudani tupu. Sikubaliani nao, na shahidi wangu ni ER, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1994 hadi 2009. Mandhari yake ni kitengo cha dharura katika hospitali ya umma jijini Chicago. Katika kipindi kimoja cha 1995, Dakta Mark Greene anamruhusu mja mzito arudi nyumbani, akidhani ana maambukizi ya kibofu tu. Kumbe zile ni dalili za kifafa cha mimba. Mtoto anaokolewa, mama anafariki. Greene anapanda garimoshi kurudi nyumbani, akilia.

Nilikitazama kipindi hicho na mamangu, muuguzi, kwa kanda ya kuazima. Kilipokwisha alizima televisheni, asiseme neno. Siku hiyo nilifahamu kwamba naye alikuwa na wagonjwa asiowasahau.

Je, hiyo si kazi ya fasihi? Mhusika mwenye dosari hutufunza kuwahurumia walioshika dhamana ya uhai wetu, bila ya kuuhalalisha uzembe. Basi tamthilia za televisheni na zihakikiwe darasani kwa uzito uleule tunaoupa mchezo wa jukwaani.