Jumba la Mikutano ni la Nani?

Kila ninapofundisha sarufi, wanafunzi hukidharau kiunganifu "la", wakidhani ni kijisilabi kisicho na uzito. Mimi huwaelekeza macho katikati ya jiji la Nairobi, lilipo Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, yaani KICC. Historia ya jumba hilo ni mvutano juu ya silabi hiyo moja.

Katika miaka ya 1960 lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Walilisanifu Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na Mkenya David Mutiso, na ujenzi ukaanza mwaka 1967. Nairobi ilipoteuliwa kuandaa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ramani ilipanuliwa. Septemba 1973 Mzee Jomo Kenyatta akalifungua. Mnara wake wa mita 105 haukupitwa na jengo lolote nchini hadi miaka ya 1990, ilipojengwa Times Tower.

Fedha zilizolijenga zilikuwa za umma. Hata hivyo, mwaka 1989, enzi ya chama kimoja, KANU ililitwaa. Mpaka baina ya chama na serikali ulikuwa umefutika, hata "la chama" na "la umma" yakawa kama visawe. KANU iliposhindwa uchaguzini Desemba 2002, serikali ya NARC ililirejesha mikononi mwa umma mwaka 2003.

Wengi tulidhani kisa kimekwisha. Kumbe! Novemba 2023 Wizara ya Fedha iliitia KICC katika orodha ya mashirika 11 ya kubinafsishwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria iliyotegemewa, ikatamka kuwa jumba hilo ni turathi ya taifa inayolindwa kisheria.

Wapo wanaodai kwamba mali ya umma huendeshwa ovyo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini dawa ya uendeshaji mbaya ni uwajibikaji. Kumbadilisha mwenye mali hakumfunzi mtu uaminifu. Yaliyotukia mwaka 1989 yatufunze kwamba mali ya umma yaweza kupotea bila hata kuuzwa, mradi wenyewe wanyamaze.

Walimu wenzangu, mtakapowapeleka wanafunzi Nairobi kulitazama jumba hilo, msiwaulize urefu wake tu. Waulizeni ni la nani, kisha muwadai sababu.