Tangi Langu Halina Mkosi

"Mzee, hili tangi lina mkosi," fundi bomba aliniambia Jumamosi iliyopita, huku akinusa pampu ambayo haijamaliza hata mwezi tangu niinunue. Imeungua. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaongeza kwa sauti ya shekhe anayefunga darsa: "Kitu kama ni cha kuharibika, kitaharibika tu."

Nilichuchumaa nikatazama mwenyewe. Ile valvu ya kuzuia maji yasirudi ina mshale kwenye shaba yake, mkubwa kama ukucha wa dole gumba, unaoonyesha maji yaelekee wapi. Mshale ulitazama chini. Tangi liko juu. Pampu imesukuma usiku kucha kwenye mlango uliofungwa. Huo nao mkosi?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba maneno yake yana mwenyewe. Wenzetu huyaita Sheria ya Murphy. Edward Murphy alikuwa kapteni na mhandisi wa jeshi la anga la Marekani. Mwaka 1949, kwenye majaribio ya kigari cha roketi jangwani California, vipimo vyake vilileta sifuri. Inavyosimuliwa, vilikuwa vimefungwa kinyumenyume. Na mtu! Basi msemo uliozaliwa kwa kumfokea aliyegeuza waya, leo ndio mwavuli wa kila anayegeuza valvu. John Stapp, daktari aliyekuwa akikipanda kigari hicho mwenyewe, aliuchukua kama onyo: kagua kwanza, ndipo ufunge mkanda. Alikufa mwaka 1999, ana miaka 89.

Jirani yangu anashikilia kwamba mikosi ipo, eti kila akiosha gari mvua inanyesha. Anaosha mwezi wa nne, Dar es Salaam. Masika yamwombe radhi?

Wengine wataniletea habari za foleni, kwamba ya mwenzako ndiyo inayokimbia. Foleni zikiwa tatu na wewe umesimama kwenye moja, mara mbili kati ya tatu iliyo na kasi itakuwa ya wenzako. Ni hesabu ya darasa la tano, mganga hahitajiki. Tena benki ninayokwenda ina madirisha sita na makarani wawili, na mmoja kila nikifika yuko chai. Nani kamloga? Mimi namtaka aliyepanga zamu.

Na harusi zetu je? Kadi ya mchango inakufuata mpaka kitandani, ukumbini imeandikwa saa kumi na mbili kamili, maharusi wanaingia saa tatu, halafu MC anatupoza kwa "changamoto zilizo nje ya uwezo wetu". Nje ya uwezo! Saluni iko mtaa wa pili.

Jana fundi kanipigia, anadai elfu ishirini yake iliyobaki. Nimemwambia ilikuwepo kabisa, tena mfukoni, lakini imepata mkosi.