Nabii Hasomwi Bila Mfalme Wake

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kaloleni, na mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, akaniomba nipite shuleni kwake nizungumze na wanafunzi wa sekondari. Mimi ni mwalimu wa isimu, kwa hiyo nilikwenda nikitarajia kuulizwa habari za ngeli na viambishi. Kumbe kipindi kilikuwa cha Elimu ya Dini ya Kikristo, na mada ilikuwa nabii Amosi. Wanafunzi walikuwa hodari. Walinitajia mafundisho ya Amosi kwa nambari, la kwanza hadi la sita, mfano wa mtu anayehesabu nazi sokoni. Nikawauliza swali moja tu: siku Amosi aliposema maneno hayo, nani alikuwa mfalme, na nchi ilikuwa katika njaa au katika shibe? Darasa zima likanyamaza. Mwishowe kijana mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa unyenyekevu, "Mwalimu, hilo halimo katika nukuu zetu."

Sikumlaumu, kwa maana hata mimi katika ujana wangu nilisomeshwa hivyo hivyo. Nilikariri sifa za nabii wa kweli, nikaziandika katika mtihani, nikapewa alama zangu, na nikatoka shuleni bila kujua kama Yeremia alitangulia kuzaliwa au Isaya. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimesoma majibu ya maswali ambayo sikuwahi kuyasikia.

Katika taaluma yangu, jambo la awali tunalomfundisha mwanafunzi ni kwamba neno halisemwi hewani. Lina msemaji, lina msikilizaji, lina mahali na lina wakati. Chukua neno dogo "Ondoka!" Mama akimwambia mtoto aliyesimama karibu na sufuria ya maji moto, ni neno la huruma. Askari akimwambia mkulima aliye katika shamba la babu yake, ni neno la dhuluma. Sauti ni zile zile na sarufi ni ile ile, lakini maana zake zinapishana kama mashariki na magharibi. Anayetaka kuelewa hana budi kuuliza: nani amemwambia nani, lini na wapi?

La ajabu ni kwamba vitabu vya manabii vyenyewe vinatuambia hivyo tangu mstari wa kwanza. Fungua Amosi, Hosea, Isaya, Mika, Sefania au Yeremia: kabla ya unabii wenyewe kuanza, mwandishi anataja majina ya wafalme ambao katika siku zao nabii huyo alisema. Aghalabu msomaji huyaruka majina hayo kwa kuwa ni magumu kutamka. Lakini hayo ndiyo anwani ya barua, na mwenye kutupa anwani asishangae barua ikifika kwa asiyeandikiwa.

Tumtazame huyo Amosi. Alikuwa mchungaji wa Tekoa, katika ufalme wa Yuda, akaenda kaskazini kusema katika ufalme wa Israeli, zama za Yeroboamu wa pili, katikati ya karne ya nane kabla ya Kristo. Sasa fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 14. Mfalme huyo alitawala miaka 41, na habari zake zimeandikwa katika aya saba tu. Tunaambiwa kwamba alirudisha mipaka ya nchi. Kwa macho ya siasa, huyu alikuwa mfalme aliyefanikiwa. Ashuru, dola kubwa ya wakati huo, ilikuwa imedhoofika kwa muda, na fedha ilikuwa ikiingia Samaria. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua magofu ya mji huo katika karne ya 20, walipata mamia ya vipande vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ustadi, pamoja na vigae vilivyoandikwa hesabu za mvinyo na mafuta. Hapo ndipo mwanafunzi anapofahamu kwa nini Amosi anataja nyumba na vitanda vya pembe. Hakuwa akipamba lugha. Alikuwa akitaja samani zilizokuwamo.

Basi Amosi hakusema katika njaa. Alisema katika shibe, ila ilikuwa shibe ya wachache. Ndiyo maana kuhani Amazia wa Betheli alipeleka habari kwa mfalme kwamba mtu huyu anafanya fitina, kisha akamwamuru nabii arudi kwao Yuda akale mkate wake huko. Mwanafunzi asiyemjua Yeroboamu atadhani Amosi alikuwa mzee mwenye hasira aliyechukia kila kitu. Anayemjua Yeroboamu ataona mtu aliyesimama mbele ya maendeleo na kuuliza: yamelipiwa na nani? Haikupita miaka 50 tangu mwisho wa utawala huo, Samaria ikaanguka mikononi mwa Ashuru, mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo.

Yafaa tukumbuke pia kwamba vitabu vya Wafalme havimtaji Amosi hata mara moja, wala havimtaji nabii Yeremia. Habari za mfalme zimewekwa huku, na habari za aliyemkemea zimewekwa kule. Asiyeviweka vitabu viwili mezani pamoja hatakutana na mgogoro wenyewe.

Mfano wa pili ni mzuri zaidi kwa mwanafunzi wa lugha. Mnamo mwaka 622 kabla ya Kristo, katika mwaka wa 18 wa Mfalme Yosia, kitabu cha torati kilipatikana hekaluni. Mwandishi Shafani akamsomea mfalme, na mfalme alipoyasikia maneno yake akararua mavazi yake kwa majuto. Takriban miaka 18 baadaye, mwana wa Yosia, Mfalme Yehoyakimu, alikuwa ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Akasomewa gombo la Yeremia, lililoandikwa kwa mkono wa Baruku. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, lilikatwa kwa kijembe na kutupwa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Na mwandishi anaongeza kwamba waliokuwapo hawakurarua mavazi yao.

Katika tafsiri yetu twasoma kwamba Yosia "alirarua" na gombo "likakatwa". Katika Kiebrania kitenzi ni kimoja: qara, yenye herufi ayini mwishoni. Baba alirarua nguo zake kwa ajili ya kitabu; mwana akararua kitabu na kuziacha nguo zake. Tena kipo kitenzi kingine kinachokaribiana nacho sana kwa sauti, qara yenye herufi alefu mwishoni, chenye maana ya kusoma. Ni mzizi ule ule wa Kisemiti tunaousikia katika neno Kurani. Mwandishi ameviweka vyote viwili katika aya moja: huyu asoma, huyu ararua. Na miongoni mwa waliomsihi mfalme asilichome gombo alikuwamo Gemaria mwana wa Shafani. Yaani mtoto wa yule aliyemsomea baba alikuwapo akimsihi mwana. Haya yote yanapotea kwa mwalimu anayefundisha Yeremia peke yake na kumwacha Yosia katika kitabu kingine.

Nimewasikia walimu wakitoa hoja mbili dhidi ya rai hii. Ya kwanza ni kwamba muda hautoshi na mtihani hauulizi wafalme. Naikubali nusu yake. Muda hautoshi kweli. Lakini mwanafunzi anayeujua mgogoro hahitaji kukariri mafundisho sita, kwa sababu yatamjia yenyewe, kama mtu aliyeshuhudia kesi asivyohitaji kukariri hukumu. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba neno la nabii ni la nyakati zote, na kulifunga kwa mfalme mmoja aliyekufa zamani ni kulipunguza. Nawaheshimu wasemao hivyo, nami si mpinzani wa imani yao. Hata hivyo, neno la nyakati zote lilianza kwa kuwa neno la wakati mmoja. Anayejua Amosi alimwambia nini Yeroboamu ndiye atakayemtambua Yeroboamu mwingine akikutana naye. Asiyejua ataligeuza neno hilo vyovyote apendavyo, na halitakuwa na wa kulitetea.

Hatari yake tumeiona hapa hapa kwetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti hii hii ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Manusura na wachunguzi walieleza kwamba waumini walihubiriwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu, na kwamba watoto walikuwa wametolewa shuleni. Sidai kwamba somo la wafalme wa Israeli lingewaokoa wote wale. Msiba ule una sababu nyingi. Nasema tu kwamba unabii uliong'olewa mahali pake ni silaha mkononi mwa yeyote. Mtu akikujia na aya ya unabii bila kukuambia ilisemwa nani, kwa nani na lini, una haki ya kumuuliza, na haki hiyo yapasa ifundishwe darasani.

Biblia yenyewe inatupa kielelezo. Katika zama za Mfalme Sedekia, Hanania alitabiri hadharani kwamba nira ya Babeli itavunjwa kabla ya miaka miwili kwisha. Watu walilipenda neno lile, na mfalme lilimfaa. Yeremia alimjibu kwamba nabii atabiriye amani atajulikana neno lake litakapotimia. Miaka miwili ikapita na nira haikuvunjika, na mnamo mwaka 587 kabla ya Kristo Yerusalemu ikateketezwa. Hanania aliweza kupimwa kwa sababu neno lake liliandikwa pamoja na mwaka wake na mfalme wake. Wahenga wa nchi ya minazi walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wafalme, mara nyingi, ndio waliowasifu wagema wao.

Kipimo hiki hiki tukilete nyumbani. Mtaala wa 8-4-4 uliwataka wanafunzi wawalinganishe manabii wa Agano la Kale na manabii wa jadi za Kiafrika, na mara nyingi ulinganisho huo uliishia kuwa orodha mbili zilizokaririwa. Sisi wa Kaloleni tuko jirani na Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama. Wazee husimulia habari za Mepoho, mwanamke aliyetabiri kuja kwa wageni weupe, kisha ardhi ikafunguka akadidimia. Masimulizi haya hayana jina la mfalme wala mwaka. Yasitupwe kwa ajili hiyo. Mwanafunzi na aulize: neno hili lilikumbukwa na nani, mbele ya nani, wakati gani wa dhiki?

Ndipo atakapofika mwaka 1913. Serikali ya Kiingereza ilikuwa ikidai kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi, na ilikuwa ikitaka Wagiriama waondoke kaskazini ya mto Sabaki. Arthur Champion ndiye aliyekuwa ofisa kati yao, na Charles Hobley alikuwa mkuu wake huko Mombasa. Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu pale Kaya Fungo, wakala viapo. Mwezi wa Oktoba alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Mwanzoni mwa 1914 wakatoroka na kurudi kwao. Agosti 1914 serikali iliilipua kaya kwa baruti. Sisemi kwamba Mekatilili alikuwa nabii kwa maana ya Amosi. Nasema kwamba asiyemsoma Hobley hawezi kueleza kwa nini mama mjane alionekana hatari kwa dola kubwa hivyo.

Iko tofauti moja kubwa, nayo yastahili mjadala darasani. Katika habari za Yeremia, kalamu ilikuwa upande wa nabii. Yehoyakimu alichoma gombo, lakini Baruku aliandika jingine na kuongeza maneno. Katika habari za Wagiriama kalamu ilikuwa upande wa mtawala. Ripoti ziliandikwa na maofisa, na neno la Mekatilili likabaki vinywani mwa watu. Kwa hiyo huko twamtafuta mfalme ndani ya kitabu cha nabii, na huku twamtafuta mwenye kusema ndani ya faili ya mfalme. Hapa na pale, pande zote mbili zahitajika.

Ninalowaomba walimu wenzangu si gumu. Chora ubaoni safu mbili, ya wafalme na ya manabii, na katikati yake andika jambo lililokuwa likigombaniwa. Mwombe mwalimu wa Historia aingie darasani kwa kipindi kimoja. Wanafunzi wasome sura ya 14 ya Wafalme wa Pili kabla hawajamgusa Amosi, na sura ya 22 kabla ya Yeremia 36. Kisha wapeleke kwa wazee, wakaulize ya 1913 na kuyaandika kabla wazee hawajatuacha.

Nilipoagana na darasa lile, yule kijana wa nyuma alinifuata hadi mlangoni akaniuliza, "Sasa Mwalimu, huyo Yeroboamu alipoambiwa habari za Amosi, alijibu nini?" Nikamwambia Biblia haikuandika jibu lake. Akasimama akifikiri, kisha akarudi ndani kuufungua tena ukurasa. Nilifurahi, maana swali lile pia halikuwamo katika nukuu zao.