ADA YA CHUO IONDOLEWE, DENI LILIPWE KWA KAZI

Tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama cha watu ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani kilitoa nyumba yake iwe darasa la watoto wa nchi.

Leo mzazi wa Tandika anacho chuo cha ualimu jirani, pale Chang'ombe. Mzazi wa Tandale anacho Chuo Kikuu Huria, pale Kinondoni. Vyuo viko karibu. Kilicho mbali ni ada.

Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Mtoto wa kabwela huivuka milango yote hiyo, kisha akazuiwa kwenye mlango wa mwisho.

Tutaambiwa: mikopo ipo. Ni kweli. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo imesomesha vijana wengi. Lakini si kila aombaye hupata, na apataye, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mkopo ni ada iliyoahirishwa. Mtoto wa tajiri hulipiwa na baba yake, akaanza maisha bila deni. Mtoto wa kabwela huanza maisha akidaiwa. Je, huo ndio usawa?

Wapo wanaouliza: mkulima wa korosho, ambaye mwanawe hakufika chuoni, amlipie mtu atakayekuja kuwa bwana juu yake? Swali hili ni la haki, tusilikwepe. Mwaka 1966 wanafunzi waliosomeshwa kwa fedha ya umma waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Elimu ya bure isiyo na wajibu huzaa makabaila wapya.

Kwa hiyo sisi tunasema: ada iondolewe katika vyuo vya umma, na kila ahitimuye alitumikie taifa miaka michache mahali atakapopangiwa, awe mwalimu kijijini au mganga katika zahanati. Serikali nayo itimize lake: impe kazi na mshahara wa haki. Leo walimu waliohitimu wanangoja ajira vijiweni, na huku shule za vijijini zina upungufu wa walimu. Kumdai utumishi kijana asiyepewa kazi ni dhuluma.

Fedha ni ya umma. Hata mama anunuaye sabuni dukani Mbagala hulipa kodi. Basi naye ana haki ya kuona mwanawe anasoma, na haki ya kutibiwa na yule aliyemsomesha.

Matawi yote ya Temeke na Kinondoni yalijadili jambo hili mikutanoni, na maazimio yafikishwe juu.

Uhuru na Kazi!